Kuzima si Kukata: Kwa Nini Chombo cha Umeme Hubaki na Joto

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kilwa Masoko)

 

Leo hatutasema habari za mikorosho wala ufuta. Tutazungumza juu ya jambo dogo ambalo kila mwenye umeme nyumbani anaweza kulijua kwa kiganja chake. Usiku, mkisha tazama taarifa ya habari, mnazima televisheni kwa rimoti na kwenda kulala. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kuwasha kitu, weka kiganja juu ya king'amuzi. Utakuta kina vuguvugu. Gusa na stabilaiza ya friji, na ile sabufa pembeni. Navyo vina vuguvugu. Sasa tujiulize: vyombo vimezimwa usiku kucha, joto hili linatoka wapi?

Swali hili hatukulitunga sisi ofisini. Lilitufikia kwa njia ya ugomvi, na ugomvi wenyewe nusura umfukuzishe kijana nyumbani.

HABARI YA UNITI ZILIZOPOTEA

Mmoja wa wahitimu wetu ni bi mkubwa anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Anaishi na mtoto wa kaka yake aliyetoka Njinjo kuja kusoma huku Masoko. Siku moja alipata habari ya msiba Lindi Mjini. Akaondoka Ijumaa asubuhi pamoja na yule kijana, lakini kijana alirudi siku ya pili kwa sababu ya masomo, akalala kwa rafiki yake. Ufunguo wa nyumba alikuwa nao.

Bi mkubwa ni mtu wa hesabu. Kabla ya kuondoka aliichomoa friji, akazima taa zote, akazima televisheni. Kisha akafanya jambo tulilomfundisha darasani: akasoma mita ya luku na kuandika katika daftari lake, "Ijumaa, saa 1 asubuhi, 21.4". Aliporudi Jumanne, saa ile ile ya asubuhi, akasoma tena. Mita ikasema 18.5. Akatoa: 21.4 toa 18.5 ni 2.9. Karibu uniti 3 zimekwenda, na nyumba ilikuwa imefungwa!

Basi lawama ikamwangukia kijana. Eti ameingia na wenzake, wametazama mpira, wamepiga muziki. Kijana akaapa. "Shangazi, wallahi sikufungua hata mlango." Shangazi hakusadiki. Akasema, "Mwanangu, daftari halisemi uongo." Akaanza kumtafutia nauli ya kurudi Njinjo.

Jioni alikuja darasani na daftari lake, akatuambia, "Walimu, ninyi mlinifundisha kuandika. Haya, niambieni, uniti zangu zimeliwa na nani?"

Tukaona si vizuri kujibu kwa kukisia. Tukaomba ruhusa twende nyumbani kwake tukatazame. Tulichokikuta huko ndicho tunachotaka kuwaeleza leo. Lakini kwanza tuelewe neno moja: kuzima.

ZAMANI KUZIMA KULIKUWA KUZIMA

Wazee mtakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio nyingi za vijijini zilikuwa za betri. Kipindi kikiisha uligeuza kile kitufe cha sauti mpaka kikalia "tak". Mlio ule maana yake ni kwamba njia ya umeme imekatika. Umeme wa betri hauna tena pa kupita. Redio ilikuwa baridi kama jiwe la pwani usiku.

Kwa hiyo tukazoea kwamba kuzima ni kukata. Lakini vyombo vingi vya siku hizi havizimwi namna hiyo. Vinafanana zaidi na moto wa jikoni. Akina mama mnajua: ukimaliza kupika usiku, unaweza kulifunika kaa la makumbi kwa jivu. Moto hauonekani, sufuria haichemki, mtu akipita atasema moto umezimika. Lakini chini ya jivu kaa liko hai, na asubuhi ukipuliza kidogo linawaka. Kaa lile halikukaa bure usiku kucha. Limekula makumbi.

Televisheni iliyozimwa kwa rimoti ni kaa chini ya jivu. Ile taa ndogo nyekundu inatuambia hivyo hivyo: "Nimelala, lakini jicho moja liko wazi."

JOTO LINATOKA WAPI?

Umeme ukipita katika waya au katika kifaa chochote cha kawaida, hupata ukinzani. Ni kama mtu anayepita katikati ya umati sokoni: anasukumana na watu mpaka jasho linamtoka. Katika pasi tunautaka msukumano huo, ndiyo maana pasi inanyoosha nguo. Katika redio au televisheni hatuutaki, lakini haukosi kuwapo. Hivyo chombo kilicholala usiku kucha na asubuhi bado kina joto, tujue umeme unapita ndani yake. Ukikigusa mara tu baada ya kukizima, hilo linaweza kuwa joto la mabaki, kama la sufuria iliyoepuliwa. Joto la mabaki huisha. Joto la asubuhi linatoka kwenye luku.

Sasa, umeme unapita kufanya nini wakati chombo kimezimwa? Ziko sababu kubwa 2.

Sababu ya kwanza ni ile kazi ya kungoja. Rimoti hutuma mwanga usioonekana kwa macho. Lazima pawe na kijicho ndani ya televisheni kinachongoja mwanga huo saa zote, la sivyo ukibonyeza hakuna atakayekusikia. Kijicho hicho hula umeme mdogo. King'amuzi ni zaidi. Ving'amuzi vilienea kwetu baada ya Tanzania kuanza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni tarehe 31 Desemba 2012. Vingi, ukivizima kwa rimoti, huzima picha tu. Ndani vinaendelea kusikiliza mawimbi na kungoja taarifa kutoka kwa mwenye mitambo. Ndiyo maana king'amuzi kilichozimwa kinaweza kuwa na joto karibu sawa na kilichowashwa.

Sababu ya pili ni transfoma. Umeme unaofika nyumbani kwetu ni volti 230. Simu inahitaji volti 5 hivi, na sabufa volti chache tu kuliko zile 230. Lazima pawe na kitu cha kuzipunguza. Katika vyombo vya zamani, na katika sabufa na stabilaiza nyingi za sasa, kitu hicho ni transfoma: misokoto ya waya iliyozungushiwa kipande kizito cha chuma. Ukiinua chaja ya zamani ukaona nzito kama jiwe, chuma hicho ndicho unachokiinua.

Watu wa pwani tuna bahati, mfano wake tunao mlangoni. Umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja kama mto Mavuji. Unakwenda na kurudi kama bahari, kujaa na kupwa. Bahari hujaa na kupwa mara 2 kwa siku. Umeme wetu hufanya hivyo mara 50 katika sekunde 1. Kila unapogeuka, kile chuma cha transfoma kinageuzwa kuwa sumaku upande huu, kisha upande ule. Chuma kinachogeuzwa geuzwa namna hiyo hupata joto. Wakati mwingine utakisikia kikiguna, "mmmm", usiku nyumba ikiwa kimya.

Mtu atauliza: mbona nimezima swichi ya sabufa yenyewe, si rimoti? Jawabu liko katika mahali swichi ilipowekwa. Fikirini bomba la maji lenye koki 2, moja barabarani na moja jikoni. Ukifunga ya jikoni peke yake, maji yamejaa katika bomba lote mpaka pale jikoni. Bomba likiwa linavuja njiani, litaendelea kuvuja. Katika vyombo vingi swichi imewekwa baada ya transfoma, kama koki ya jikoni. Umezima muziki, lakini transfoma iko upande wa barabarani, inaendelea kuguna na kupata joto.

Na zile chaja nyepesi za simu za siku hizi? Hizo hazina chuma kizito. Ndani yake mna swichi ndogo sana za kielektroniki zinazokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa njia hiyo zinatumia kitransfoma kidogo mno. Chaja nzuri ikiachwa ukutani bila simu hula umeme kidogo kiasi kwamba mkono hausikii joto. Tutarudi kwenye jambo hili.

TULICHOKIONA KWENYE MITA

Sasa twendeni nyumbani kwa bi mkubwa. Mita nyingi za luku zina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima. Karibu nayo pameandikwa namba. Kwa mita ya bi mkubwa namba ilikuwa 1000, maana yake taa ikiwaka mara 1000, uniti 1 imekwisha. Mita nyingine zina namba tofauti, hivyo soma ya kwako.

Tukaiacha nyumba kama alivyoiacha siku ya msiba. Friji imechomolewa kwenye stabilaiza, lakini stabilaiza yenyewe imebaki ukutani. Televisheni imezimwa kwa rimoti. King'amuzi vile vile. Sabufa imezimwa kwa swichi yake. Taa zote zimezimwa. Kijana tukampa saa na daftari, tukamwambia, "Wewe ndiye mshitakiwa, wewe ndiye utakayehesabu, na shangazi yako akae hapa akuone."

Nusu saa ya kwanza, taa ya mita iliwaka mara 15. Bi mkubwa akashangaa. "Hivi nyumba imelala na bado inakula?"

Tukaichomoa stabilaiza. Nusu saa nyingine, mara 10. Tukachomoa king'amuzi. Nusu saa, mara 4. Tukachomoa sabufa. Nusu saa, taa haikuwaka hata mara 1. Televisheni ilikuwa bado imechomekwa, lakini ilikuwa mpya, na inapolala inakula kidogo sana.

Twende taratibu katika hesabu. Mara 15 kwa nusu saa ni mara 30 kwa saa. Katika mita ile, kila mara moja ni saa-wati 1. Kwa hiyo nyumba ilikuwa inakula wati 30, sawa na taa 3 za wati 10 zilizowashwa mchana na usiku. Bi mkubwa alikuwa msibani siku 4, yaani saa 96. Zidisha 30 kwa 96, unapata 2880. Gawa kwa 1000, unapata uniti 2.88.

Daftari lilisema 2.9.

Pale sebuleni pakawa kimya. Bi mkubwa aliitazama hesabu, akaitazama tena, kisha akamtazama mtoto wa kaka yake. Hatukukaa kusikiliza waliyosemezana. Hayo ni ya ndani ya nyumba. Tunajua tu kwamba nauli ya Njinjo haikutolewa.

Tunawaeleza habari hii kwa ruhusa yao wenyewe. Na tunataka mlione jambo moja. Daftari halikusema uongo, bi mkubwa alikuwa kweli. Lakini daftari lilisema uniti ngapi zimekwenda. Halikusema nani amezila. Hapo ndipo alipojaza mwenyewe kwa kudhani.

NI KIASI GANI KWA MWEZI?

Stabilaiza tuiweke kando, maana friji ikiwa inafanya kazi inaihitaji. Tuchukue king'amuzi, sabufa na televisheni, jumla wati 20. Tuseme vyombo hivi hutumika saa 4 kwa siku, na saa 20 vimelala. Zidisha 20 kwa 20, unapata saa-wati 400 kila siku. Kwa siku 30 ni 12,000, yaani uniti 12.

Uniti 12 ni shilingi ngapi? Hatutawatajia bei, kwa sababu hailingani kwa kila mteja. Chukua risiti yako ya mwisho ya luku. Gawa fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei ya uniti 1 kwako, pamoja na makato yake. Zidisha kwa 12. Utapata fedha unayolipa kila mwezi kwa kuvilaza vyombo 3. Luku maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Imekuwapo Tanzania kwa miaka mingi. Haiulizi umetumia kwa furaha au kwa kusahau.

Wenzetu wa vijiji ambavyo nguzo hazijafika, na wale wa visiwani wanaotumia sola, msidhani hayawahusu. Kwenu yana uzito zaidi. Betri ya volti 12 yenye alama ya 50 Ah ina saa-wati 600, na ili idumu ni vizuri usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. King'amuzi cha wati 12 kikilala saa 8 za usiku kinakula saa-wati 96. Karibu theluthi moja ya umeme wenu imeliwa na chombo ambacho hakuna aliyekitazama. Na inveta nayo ikiachwa imewashwa, inakula hata kama hakuna kilichochomekwa. Kisha asubuhi mnasema, "Betri ya siku hizi mbovu."

Jambo hili si la Kilwa peke yake. Nchi tajiri zililiona mapema, kwa kuwa zina vyombo vingi zaidi majumbani. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba chombo kilicholala kisile zaidi ya wati 1. Umoja wa Ulaya ukafanya sheria: kuanzia mwaka 2010 chombo cha nyumbani kinachongoja rimoti tu kisizidi wati 1, na kuanzia mwaka 2013 kisizidi nusu wati. Ndiyo maana televisheni mpya ya bi mkubwa haikuonekana kwenye mita. Lakini televisheni za chogo na redio za mtumba zinazoshushwa kwetu, nyingi zilitengenezwa kabla ya sheria hizo. Ukinunua mtumba kwa bei ndogo, kumbuka utaendelea kuulipia kwenye luku.

VUGUVUGU NA MOTO SI KITU KIMOJA

Sasa tuje kwenye jambo lililotutia hofu siku ile, kuliko hata hizo uniti.

Tulipokuwa tukichomoa plagi nyuma ya pazia, tulikuta ekstensheni moja ina tundu lililobadilika rangi. Lilikuwa la kahawia, na pembeni plastiki imeanza kuyeyuka. Tukauliza, tundu hili linachomekwa nini? Bi mkubwa akasema, "Hilo ni la pasi na jagi la maji ya moto." Na pazia limeligusa.

Ndugu zangu, lazima tutofautishe. Stabilaiza, sabufa au king'amuzi kuwa na vuguvugu ni kawaida. Ni gharama, si hatari, mradi kinapata hewa. Lakini plagi, soketi au ekstensheni yenyewe kuwa ya moto si kawaida hata kidogo. Maana yake mahali hapo pini imelegea, au imeshika kutu, au mzigo umezidi. Sisi tunaoishi pwani tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Chumvi ile ile inayokula mabati yetu inakula pia shaba ya soketi. Shaba yenye kutu inaukinza umeme, ukinzani unaleta joto, joto linazidi kulegeza pini, na pini iliyolegea inaleta joto zaidi. Mwisho wake ni moto. Nyumba ikiwa ya makuti, hamna muda wa kutoa hata mkeka.

Basi zishikeni dalili hizi:

Kwanza, gusa kwa mkono mkavu plastiki ya nje ya plagi au chaja. Usiguse pini wala chuma. Kama huwezi kuacha mkono hapo ukahesabu 1 mpaka 10, ni hatari.

Pili, harufu ya plastiki inayoungua, hata kama huoni moshi.

Tatu, plagi au tundu lililogeuka rangi ya kahawia au jeusi.

Nne, mlio wa kutatarika ndani ya soketi, kama chumvi kwenye mafuta ya moto.

Ukiona mojawapo, zima swichi kubwa ya nyumba kabla ya kugusa kitu, usimwage maji, mwite fundi. Ekstensheni iliyoungua isifungwe gundi. Itupwe. Pasi na jagi la umeme vichomekwe ukutani moja kwa moja. Na wala usifungue televisheni mwenyewe kutafuta joto linakotoka. Ndani yake, hasa zile za chogo, mna vifaa vinavyoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Akina mama tunawaomba jambo moja, msitukasirikie. Vile vitambaa vizuri vya kudarizi vinavyofunika king'amuzi na stabilaiza, viondoeni. Chombo kinapumua kwa matundu yake. Ukikifunika, vuguvugu halina pa kutokea, linajikusanya, na chombo kinakufa kabla ya siku zake.

TUFANYE NINI?

Hatusemi mchomoe kila kitu kila saa. Hilo halitekelezeki, na plagi inayochomolewa ovyo nayo hulegea. Tunasema hivi.

King'amuzi, televisheni na sabufa vichomekwe kwenye ekstensheni moja nzima, yenye swichi. Usiku mkienda kulala, zimeni swichi hiyo au ile ya ukutani. Hapo ndipo mmefunga koki ya barabarani. Kitu kimoja kwa kidole kimoja. Asubuhi mtakuta vyombo baridi, na hiyo ndiyo dalili kwamba umeme umekatika kweli. King'amuzi kitachelewa kidogo kuwaka. Vumilieni dakika chache hizo.

Mkisafiri na friji imechomolewa, chomoeni na stabilaiza. Lakini friji yenye chakula au dawa iacheni. Na joto mnaloliona nyuma ya friji inayofanya kazi si ubovu. Friji hulitoa joto ndani na kulimwaga nje. Isogezeni mbali kidogo na ukuta ipate hewa.

Chaja ya simu tuseme ukweli wake. Watu wengi hugombana juu ya chaja na kukisahau king'amuzi. Chaja nzuri ikila theluthi moja hivi ya wati au chini yake, mwaka mzima haitafika uniti 3. Ichomoeni kwa ajili ya usalama, maana za bandia ni nyingi, lakini msitegemee kutajirika kwa hilo. Na soketi tupu isiyo na kitu, hata swichi yake ikiwa imewashwa, haili kitu. Umeme haumwagiki sakafuni.

UMEME HUU UNATOKA KWETU

Kabla hatujaagana, tutazame baharini. Kule mbele ni kisiwa cha Songo Songo. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kusafirishwa kwa bomba, chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam, ambako huchomwa kuendesha mitambo ya umeme. Gesi iliyochomwa hairudi. Vuguvugu la king'amuzi kilicholala Dar es Salaam, na la maelfu ya ving'amuzi vingine, linaweza kuwa ni gesi ya bahari yetu inayogeuzwa kuwa joto ambalo hakuna aliyeliomba. Siku hizi lipo pia bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, lenye uwezo wa megawati 2,115. Ni vizuri. Lakini wingi wa maji si sababu ya kuacha koki wazi.

Zoezi letu la wiki hii ni hili. Kila mtu achague usiku mmoja. Kabla ya kulala asome mita na kuandika namba, na saa aliyoisoma. Alfajiri asome tena. Usiku wa pili azime kwa swichi ya ukutani vyote isipokuwa friji, asome tena jioni na alfajiri. Alete namba zake 4 darasani. Asiye na luku aje na hesabu ya betri ya sola. Tutazitoa pamoja ubaoni.

Na msisahau kilichomsaidia yule kijana. Hakuokolewa na kiapo. Shangazi yake alikuwa ameandika namba na saa, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Bila maandishi yale tungebaki na neno la mtoto dhidi ya neno la mtu mzima, na sote tunajua ni nani angeshinda. Kwa hiyo uniti zikipungua nyumbani, kabla ya kumtazama mtu usoni, tazameni kwanza nyuma ya pazia. Wekeni kiganja. Kisha fungueni daftari.